Masikio yakivuma baada ya ngoma au mashine

Msimu wa unyago spika hukesha, na mashine za korosho hazina huruma. Mlio ukibaki masikioni, "nziiii" isiyokatika, yapumzishe kwanza: siku mbili tatu bila kelele kubwa wala spika za masikioni. Mara nyingi hupungua. Lakini sikio likiziba ghafla au usikivu ukishuka, usisubiri wiki ipite. Nenda hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) ndani ya siku 3 ukaulizie daktari wa masikio, kwani dawa ya hali hiyo hufanya kazi ikiwahi.

Usiku, kimya ndicho adui. Washa feni, au redio kati ya stesheni, ile shaa yake iwe chini kidogo ya mlio wako. Ukiuzima mlio kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea.

Kosa kubwa ni kuziba masikio kutwa kwa sababu vyombo vikigongana vinauma. Sikio likinyimwa sauti huzidi kuwa jepesi, na kesho hata kijiko kitakukera. Vaa vizibo penye kelele tu. Pamba haikingi, tumia vya sponji: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 30 kivimbe. Kikibaki nje zaidi ya nusu, hakijakaa.

Kama unatumia kwinini au aspirini nyingi, mwambie daktari. Nazo huvumisha masikio.