Jinsi ya kuyaona mafuta na maji yakipita mpira mmoja: jaribio la kuanzia uzamivu

Unaanza uzamivu wa uhandisi kemikali kuhusu vimiminika visivyochanganyika? Usikimbilie kompyuta. Viangalie kwanza kwa macho. Hapa Mwanza viwanda vya minofu ya sangara hutoa maji yenye mafuta, na anayetaka kuyatenganisha sharti ajue yanavyosafiri ndani ya bomba. Jaribio hili halitegemei umeme, kwa hiyo ukikatika unaendelea na kazi.

Hatua ya 1: Vifaa. Seti mbili za dripu kutoka duka la dawa, chupa mbili za plastiki, mafuta ya alizeti, rangi ya chakula, na tii ndogo (kiungo chenye umbo la T) ya mpira wa maji ya kioo cha gari (ipo maduka ya spea). Maji yawe ya betri (yaliyosafishwa, si asidi). Ya ziwani yana mwani na uchafu unaokaa kwenye mpaka wa mafuta na maji na kubadilisha mvutano wake (nguvu inayoufanya mpaka ujikunje). Mafuta ya taa yaache, yanashika moto.

Hatua ya 2: Usafi. Hapa usiwe na haraka. Sabuni kidogo tu iliyobaki kwenye mpira hushusha mvutano wa mpaka, na utakachopima kitakuwa tabia ya sabuni. Suuza kwa maji ya moto mara nyingi, malizia na maji ya betri, kisha ning'iniza ukauke.

Hatua ya 3: Unganisha. Tundika chupa juu, kama mita moja kutoka mezani. Mpira mmoja ulete maji yenye rangi, mwingine mafuta, vikutane kwenye tii. Mpira ukigoma kuingia, uchovye ncha kwenye maji ya moto. Mpira wa kutokea ulale sawasawa mezani, rula pembeni.

Hatua ya 4: Pima mtiririko. Kwa maji, seti nyingi za kawaida hutoa matone 20 kwa mililita. Matone 60 kwa dakika ni mililita 3, na katika kipenyo cha milimita 3 hiyo ni kasi ya karibu sentimita 0.7 kwa sekunde. Namba ya Reynolds (nguvu ya mwendo ikilinganishwa na mnato) inakuja takriban 24, mtiririko mtulivu kabisa. Kwa mafuta usihesabu matone: mvutano wa uso wake ni mdogo, hivyo tone lake ni dogo kuliko la maji. Kinga kwenye bomba la sindano, tazama saa.

Hatua ya 5: Fungulia mafuta kwanza. Yakishajaza mpira, ruhusu maji. Plastiki hii hupenda mafuta, kwa hiyo mara nyingi utaona maji yakikatika vipande virefu vyenye ncha za mviringo, vikiteleza ndani ya utando mwembamba wa mafuta. Rekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole. Kisha osha, kausha, rudia ukianza na maji. Vifaa ni vilevile, kasi ni ileile, lakini picha inaweza kuwa tofauti, hasa dakika za mwanzo. Kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote: ukuta wa bomba na kilichotangulia kuulowesha vina sauti katika matokeo. Andika vyote viwili daftarini kila mara.

Hatua ya 6: Badili kipenyo. Kokotoa namba ya Bond (uzito ukilinganishwa na mvutano wa mpaka): tofauti ya densiti (kama kilo 80 kwa mita ya ujazo) mara graviti mara kipenyo kipeo cha pili, gawanya kwa mvutano wa mpaka, chukulia 0.025 N/m. Milimita 3 inatoa karibu 0.3, mvutano unatawala, vipande vinajengeka. Mpira angavu wa nusu inchi unatoa karibu 5. Hapo uzito unashinda: mafuta hupanda juu, maji hulala chini.

Hatua ya 7: Hakiki. Kinga kila kinachotoka, kiache kitulie usiku kucha, upime tabaka la mafuta na la maji. Linganisha na ulichoruhusu kuingia. Visipolingana, rudi hatua ya 4 kabla hujachora grafu yoyote.