Kupima gesijoto kwa ndege ya utafiti Tanzania: vibali vyake na mpangilio wa kuviomba

Mwanzoni mwa 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe-146 ya maabara ya angani ya FAAM, iliruka Uganda na Zambia kupima gesijoto ya methani, ikiwemo inayopanda kutoka ardhioevu ya Bangweulu huko Zambia. Sisi Watanzania tuna ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, eneo letu la kwanza kuingia kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, lenye kilomita za mraba 32,500 hivi. Eneo kubwa kiasi hicho hulimalizi kwa mtumbwi na kifaa cha mkononi, na setilaiti nyingi za methani hazioni kitu mawingu yakitanda, msimu uleule ambao maji yamejaa. Ndege inahitajika sana. Mwongozo huu ni wa timu ya nje inayotaka kuja kupima, na zaidi ni wa Mtanzania atakayekuwa mtafiti mwenza wao, maana yeye ndiye atakayezunguka maofisini.

Anza na ramani ya safari, kabla hujagusa fomu yoyote. Ili kujua kinamasi kinatoa methani kiasi gani, ndege hukata upepo upande unakotokea, kisha hukata tena upande unakoelekea, kwa vimo kadhaa, halafu hupanda kwa kuzunguka hadi juu ya tabaka la hewa iliyochanganyika. Tofauti ya methani kati ya pande hizo mbili pamoja na kasi ya upepo ndiyo inayotoa jibu. Kazi hii hufanyika alasiri, na mistari mingine huwa chini, mita mia kadhaa tu kutoka ardhini. Hapo ndipo maombi mengi hukwama. Afisa wa anga anataka kujua utashuka hadi wapi, kwa dakika ngapi na juu ya nini. Kanuni ya kimataifa kwa rubani anayeruka kwa kuona kwa macho ni kutoshuka chini ya mita 150 mahali pasipo na makazi. Juu ya mji ni mita 300 kutoka kizuizi kirefu kuliko vyote. Andika kila mstari na majira yake ya nukta (latitudo na longitudo), kimo na saa. Ramani hiyohiyo iende kila ofisi. Nakala mbili zikipishana, utarudishwa, na ni haki yao kukurudisha.

Ukishaikamilisha, nenda COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa kibali cha utafiti. Ombi hufanywa mtandaoni, na kila mtafiti mgeni huombewa kibali chake, hata yule ambaye kazi yake ni kukaa ndani ya ndege akiangalia kifaa. Ambatisha andiko, wasifu, barua ya taasisi yake, barua ya taasisi mwenyeji ya hapa nchini na uthibitisho wa fedha. Ndani ya andiko, eleza wazi data zitatunzwa wapi na Mtanzania gani atashiriki kuzichambua. Usikubali jina lako liwekwe kama muhuri tu. Dai kiti ndani ya ndege na nafasi kwenye uchambuzi, na viandikwe. Kibali hudumu mwaka mmoja na huweza kuhuishwa. Ndicho kinachofungua mlango wa Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi Daraja C, na barua za utambulisho za mkoa na wilaya.

Wakati huohuo wahusishe Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Usafiri wa anga, utafiti na utabiri wa hali ya hewa vyote ni mambo ya Muungano, lakini ukitaka kufanya kazi Unguja au Pemba, Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti.

Kibali cha ndege yenyewe ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mwombaji ni mwendeshaji wa ndege. Andaa cheti cha usajili, cheti cha ubora wa kuruka, leseni za wahudumu, leseni ya redio na bima. Ndege za utafiti zimetobolewa ubavuni kuweka mirija ya kuvutia hewa, kwa hiyo weka pia hati zinazoonyesha kwamba marekebisho hayo yaliidhinishwa. Kama kuna kamera inayotazama chini, itaje. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 36, unaipa kila nchi haki ya kukataza au kudhibiti upigaji picha kutoka angani, na kamera isiyotajwa huzua maswali ya usalama. Ndege ikiwa ya jeshi la nchi nyingine, ombi hupitia ubalozi na Wizara ya Mambo ya Nje.

Mistari ikipita chini juu ya Pori la Akiba Moyowosi, waandikie pia TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Tembo hawajui kwamba hiyo ni sayansi.

Mitungi ya gesi ya kusawazishia vipimo isisahauliwe. Methani hewani duniani sasa imepita sehemu 1,900 kwa bilioni, na kinamasi huenda kikaongeza makumi tu. Bila mitungi iliyopimwa kwa kipimo cha pamoja cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, kinachotunzwa na NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, namba zako hazilinganishiki na za mtu mwingine. Lakini hewa iliyogandamizwa ni bidhaa hatarishi, yenye namba ya Umoja wa Mataifa UN 1002, na huhitaji tamko lake la usafirishaji. Forodhani omba uingizaji wa muda chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, ambao hauzidi miezi 12. Orodhesha namba ya kila mtungi na kila kifaa, na uandike kabisa kwamba gesi itatumika, ili mtungi ukitoka mtupu asiwepo wa kuuliza gesi imeuzwa wapi.

Mimi hushauri kuanza miezi tisa kabla ya masika unayoilenga. Mkishamaliza kuruka, ripoti na nakala ya data vibaki COSTECH na taasisi mwenyeji kabla timu haijapanda ndege ya kurudi kwao.