Somo: Siku Moja ya Hija Ndani ya Kuta za Yerusalemu, Kuanzia Kaburi Takatifu Hadi Sokoni

Mji Mkongwe wa Yerusalemu una ukubwa wa takriban kilomita moja ya mraba, umezungushiwa kuta alizojenga Sultani Suleiman karne ya 16. Udogo huo huwaponza viongozi wa misafara: wanapanga ziara kwa kufuata ramani, halafu wanakuta mlango umefungwa. Pangeni kwa saa na milango.

Somo hili ni la kikundi cha watu 20 hadi 40 wa Kikristo chenye siku moja. Chagueni Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi wasio Waislamu hawaingii Haram al-Sharif (uwanja mtakatifu wa Waislamu wenye Kuba ya Mwamba na msikiti wa al-Aqsa), Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na Jumapili maduka mengi ya mtaa wa Wakristo hayafunguliwi.

Hatua ya 1: Usiku wa kuamkia

Wagawe watu wawili wawili, kila mmoja amjue mwenzake. Wafundishe sheria moja: aliyepotea asimame palepale alipo, mwenzake atamrudia. Wanaopotea kweli ni wale wanaoanza kutafuta.

Mavazi ni ya kufunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake, na wanawake wawe na mtandio. Viatu viwe na soli inayoshika, maana mawe ya vichochoro yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi na mvua ikinyesha yanateleza. Kila mtu abebe pasipoti yake na shekeli za noti ndogondogo.

Hatua ya 2: Alfajiri, Kaburi Takatifu

Kanisa la Kaburi Takatifu, ambamo Wakristo huheshimu Golgotha na kaburi la Yesu, hufunguliwa saa kumi au saa kumi na moja alfajiri kutegemea majira. Ingieni kwa Lango la Yafa mapema, kwa sababu chumba cha kaburi kinapokea watu watatu au wanne tu kwa zamu, na ikifika saa nne asubuhi foleni inaweza kula saa nzima au zaidi. Mlango wake ni mfupi: inama, na mkoba uwe mbele ya kifua, la sivyo utakwama. Mtawa mlinzi atawaharakisha. Msikasirike, anafanya hivyo kwa kila mtu.

Golgotha iko kulia mara tu unapoingia, juu ya ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali. Chini ya altare ya Wagiriki kuna tundu. Unapiga magoti, unapenyeza mkono na kugusa mwamba.

Maelezo yote yatolewe uani kabla ya kuingia. Madhehebu sita yanagawana jengo hili kwa utaratibu uliothibitishwa na firmani (amri ya sultani) ya Kiosmani ya mwaka 1852, kila moja na saa zake za ibada, na mwongozaji anayepaza sauti ndani ataleta ugomvi. Funguo za mlango mkuu zimekuwa mikononi mwa familia za Kiislamu kwa karne nyingi, na watu wakilijua hilo mapema hawashangai.

Hatua ya 3: Haram al-Sharif

Baada ya kifungua kinywa, nendeni Lango la Jaa. Wasio Waislamu wana mlango mmoja tu, Bab al-Maghariba, unaofikiwa kwa daraja la mbao kando ya uwanja wa Ukuta wa Magharibi, mahali pa sala pa Wayahudi. Saa za wageni ni za asubuhi, pamoja na muda mfupi baada ya adhuhuri, nazo hubadilika, hasa Ramadhani. Ulizeni jana yake, muwe kwenye foleni mapema.

Hapa ndipo vikundi vya Wakristo hukwama. Biblia, rozari na misalaba huzuiwa kwenye ukaguzi, na begi moja linaweza kuwasimamisha wote. Mwachieni mtu mmoja asiyeingia mfuko wa vitabu vyote, azunguke nao hadi Lango la Simba kuwasubiri. Juu kule hamruhusiwi kusali wala kuingia Kuba ya Mwamba au msikiti wa al-Aqsa. Tokeni kwa milango ya kaskazini, kwa kuwa mkishatoka hamrudi.

Hatua ya 4: Njia ya Msalaba

Karibu na Lango la Simba lipo Kanisa la Mtakatifu Ana na magofu ya birika la Bethesda. Imbeni wimbo mmoja ndani: mwangwi wake ni wa ajabu, kikundi cha watu kumi kinasikika kama kwaya nzima. Hufungwa mchana, kwa hiyo msichelewe.

Kituo cha kwanza kiko ndani ya uwanja wa shule na mara nyingi hamtaingia. Anzieni ng'ambo ya barabara, kwenye makao ya watawa Wafransisko. Vituo 14, vitano vya mwisho ndani ya Kanisa la Kaburi. Mkifika huko msipange foleni tena, mlishaingia kaburini alfajiri. Njia inapita katikati ya maduka, hivyo kaeni upande mmoja. Mkisikia mkokoteni unashuka, jibanzeni ukutani: breki yake ni tairi kuukuu lililofungwa kwa mnyororo nyuma, mwendeshaji hulikanyaga, na kwenye mteremko halisimami haraka.

Hatua ya 5: Sokoni

Sasa ndiyo saa ya kununua, kamwe si kabla, maana mwenye mizigo huchelewesha wote. Toeni dakika 60, mtaje sehemu moja ya kukutana.

Vinyago vya mzeituni, ambavyo vingi huchongwa Bethlehemu na Beit Sahour, vina mistari myeusi isiyofanana. Ukiona vinyago kumi vyenye mistari ileile, hiyo si mbao. Vigae vya Kiarmenia vilivyochorwa kwa mkono vina mstari unaonenepa na kukonda. Vya kubandika picha vina nukta ndogo ukivitazama kwa karibu. Zaatari (mchanganyiko wa majani makavu na ufuta) onja kwanza, kisha ipimwe mbele yako. Bei kata bila haya, ila ukishataja bei na muuzaji akakubali, lipa.

Sarafu "za kale" waachieni. Kutoa mambo ya kale nje ya nchi kunahitaji kibali, na muuzaji wa kweli ana leseni.

Hatua ya 6: Ukuta wa Magharibi, jioni

Uko wazi saa zote, ndiyo maana umewekwa mwisho, na kutoka sokoni mnateremka tu. Wanaume kushoto, kichwa kimefunikwa (kofia hutolewa pale), wanawake kulia. Basi liwasubiri Lango la Jaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Aache kuja?*

Marahaba. Aje. Ukuta unafikika kwa kiti cha magurudumu kupitia Lango la Jaa. Kwenye Kaburi Takatifu abaki chini: Jiwe la Upako (linalokumbusha kupakwa manukato kwa mwili wa Yesu) na kaburi viko ghorofa ya chini, aache ngazi za Golgotha. Njia ya Msalaba ina vidato vingi. Akutane nanyi jioni Ukutani.

*Sisi ni Waislamu. Utaratibu wa Haram ni huohuo?*

Hapana. Mnaingia kwa milango mingine, ukiwemo Bab al-Qattanin unaofikiwa kupitia soko la pamba. Walinzi wanaweza kuwataka msome sura, kwa kawaida al-Fatiha, basi msione vibaya. Ijumaa fikeni mapema sana.

*Nataka kuweka rozari za ndugu zangu juu ya Jiwe la Upako. Nizinunue lini?*

Jana yake. Alfajiri maduka hayajafunguliwa. Hii ndiyo ruhusa pekee ya kuvunja hatua ya 5.

*Naweza kuwabebea wenzangu vifurushi kwenye begi langu?*

Usithubutu. Uwanja wa ndege wa Ben Gurion watakuuliza nani alipanga begi lako na kama umepewa kitu na mtu. Fika uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na chupa za maji ya Yordani ziende kwenye begi la kukabidhi, zimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki.