Somo: Kupima kama panya humtambua mwenzake kwa harufu

Somo hili ni la walimu wa baiolojia wa Kidato cha Tano na Sita, hasa sisi wa Dodoma ambao maabara zetu zina hadubini moja na mabenchi matupu. Tafuta panya weupe watatu wa kufugwa, wale wadogo (mice): jike mmoja na madume wawili wasio ndugu, kila mmoja na kizimba chake.

Hatua ya 1. Tandika pumba za mpunga. Za Bahi hazikosekani. Maranda ya paina ya kwa seremala yaache, utomvu wake unafunika kila harufu.

Hatua ya 2. Jioni weka vipande vya kitambaa cha pamba kwenye vizimba vya madume. Asubuhi vitakuwa na mkojo. Vaa glavu, maana jasho lako nalo ni harufu.

Hatua ya 3. Anza mapema kabla upepo wetu haujaamka, madirisha yafungwe. Tia kipande cha dume wa kwanza kwenye chujio la chai, lining'inize kwa jike dakika mbili, uhesabu sekunde anazonusa. Toa, pumzika kidogo, weka kipande kipya cha dume yuleyule. Rudia tena. Kwa kawaida sekunde hupungua: keshamzoea.

Hatua ya 4. Sasa weka cha dume wa pili, bila kubadili kingine chochote. Akirudi mbio, masharubu yanatetemeka, pua imeganda kwenye chujio, basi kajua huyu ni mwingine.

Kwa nini ajue? Vitabu vingi hukimbilia jeni za MHC, ambazo kwa panya ziko kwenye kromosomu ya 17. Kazi yake ya kwanza ni kinga: protini zake hushika vipande vya protini na kuvionyesha juu ya seli, ili askari wa mwili wajue kama kuna mvamizi. Jeni hizi hutofautiana mno kati ya panya na panya, na tofauti hiyo hufika hadi kwenye mkojo. Mwaka 1976 Yamazaki na wenzake, huko New York, waliripoti kwamba madume wa maabara mara nyingi walipendelea majike wenye MHC tofauti na yao. Watoto wa jozi kama hiyo hurithi kinga yenye silaha za aina nyingi.

Lakini mimi nawaambia wanafunzi wasiishie hapo. Kuna protini nyingine za mkojo, ziitwazo MUP, jeni zake ziko kromosomu ya 4. Hizi hushika molekuli za harufu na kuziachia polepole, ndiyo maana alama ya panya hunusika hata mkojo ukishakauka, na kwa jua letu hukauka upesi. Utafiti wa Liverpool kwa panya wa porini uliziona MUP kuwa ndizo hasa kitambulisho cha mtu na mtu, yaani panya na panya.

Maswali ya walimu

*Shikamoo mwalimu. Nimepata madume wa tumbo moja tu, inafaa?*
Marahaba. Wakiwa wa ukoo wa maabara uliozalishwa ndugu kwa ndugu vizazi 20 au zaidi, ni kama mapacha. Jike huenda asiwatofautishe. Watumie kwa jaribio la pili, ulilinganishe na la wasio ndugu. Hapo darasa litaelewa jeni kuliko ubaoni.

*Dume wangu mmoja anaumwa. Niendelee?*
Mbadilishe. Kinga ikipambana, harufu ya mkojo hubadilika, na majike huwakwepa madume wenye vimelea. Utakuwa unapima ugonjwa, si utambulisho.

*Mwalimu, hapa Kongwa ghala limejaa panya. Si nikamate hao hao?*
Hapana, ndugu yangu. Mkojo wa panya wa mwituni unaweza kubeba bakteria wa homa ya mgunda, ileile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Hao watege, usiwalete darasani.