Jinsi ya kusoma daftari la safari la rubani wa ndege za mabomu

Ukishika daftari la rubani aliyeendesha ndege za mabomu za Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, usianze ukurasa wa kwanza. Huko ni mafunzo: kupaa, kutua, kupaa tena. Mimi hufunua haraka hadi nifike kwenye wino mwekundu. Kwa desturi ya vikosi vile, safari za vita za usiku ziliandikwa kwa nyekundu, na za mchana mara nyingi kwa kijani.

Hesabu mistari hiyo. Zamu ya kwanza ilikuwa safari 30, halafu mtu akapumzishwa. Mstari wenye herufi DNCO, yaani kazi haikutimizwa, kwa kawaida haukuhesabiwa hata kama walikaa hewani saa tatu. Neno Gardening nalo lilinipoteza. Nilidhani mzee anatania. Kumbe ni kutega mabomu baharini, na maeneo mengi yalipewa majina ya mimea, matunda au mboga. Nectarines, kwa mfano, ni upande wa visiwa vya Frisia, katika Bahari ya Kaskazini.

Safari yake ya kwanza itazame vizuri. Mara nyingi rubani mgeni alipanda na wenyeji kama rubani wa pili, akaone moto kwa macho yake kabla ya kuwapeleka watu wake.

Sasa tafuta namba yake ya jeshi, maana majina yanafanana mno. Angalia kama alianza sajini akapandishwa kuwa ofisa: hapo alipewa namba mpya, na vyeo vya maofisa vilitangazwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Mimi nilimfuata mtu mmoja kwa namba ya zamani nikadhani ametoweka.

Ukijua kikosi na mwezi, nenda kwenye kumbukumbu za vikosi, mfululizo wa AIR 27, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Fomu 540 ni muhtasari wa siku. Unayoitaka hasa ni 541: namba ya ndege, saa ya kupaa na kutua, majina ya walioipanda, na maneno machache ya rubani aliporudi. Tarehe zikipishana kwa siku moja usishtuke, walipaa usiku wa leo wakatua alfajiri ya kesho.

Majina ya 541 yanakili pembeni, safari kwa safari. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu, ilibeba watu saba: rubani, mhandisi, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya kiwiliwili, mmoja mkiani. Jina likibadilika mara moja, huenda ni mafua tu. Likiondoka lisirudi, rudi safari ya nyuma yake.

Katika daftari nililokaa nalo muda mrefu zaidi, mpiga bunduki wa mkiani anabadilika baada ya usiku wa tarehe 19 Februari 1944. Usiku ule ndege 78 za Uingereza hazikurudi. Yao ilirudi. Fomu 541 inasema walishambuliwa na ndege ya kivita, wakatua uwanja usio wao, mtu mmoja kajeruhiwa vibaya. Kwenye daftari, rubani ameandika kwa nyekundu "Ops, Leipzig", yaani safari ya vita kwenda mji wa Leipzig, Ujerumani, na saa alizokaa hewani.