Kabla ya kulipia bima ya mpunga, uliza mvua inapimwa wapi

Wenzangu tunaolima mpunga wa kutegemea mvua, Pemba na huku Cheju, Unguja: akija mtu na bima ya fahirisi ya hali ya hewa, msitie saini siku hiyo hiyo. Bima hii haiji kukagua shamba. Inalipa pale kipimo cha mvua, cha kituo au cha setilaiti, kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa. Ndiyo maana ada yake huweza kuwa nafuu na fidia ikatoka upesi. Lakini mvua yetu ni ya vipande, bonde hili limerowa, la pili kavu. Kipimo kikisema imenyesha na mpunga wako umekauka, hupati kitu.

Basi ulizeni, tena mbele ya kikundi kizima: kipimo kiko wapi? Kiwango ni milimita ngapi, kwa siku zipi za masika? Na maji ya chumvi yanayoingia mabondeni je? Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana fahirisi ya mvua hailioni kabisa. Majibu yawe kwenye karatasi, kwa Kiswahili. Wakala naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kabla hamjatoa hata shilingi.