Somo: Kumwandaa shahidi na kupitisha kielelezo mahakamani bila kuaibika

Wakuu habari za jioni. Naona mawakili vijana walioapishwa juzi juzi wanapigwa kwenye vitu vidogo sana, so leo nashuka na hili: kumwandaa shahidi, na kupitisha kielelezo, yaani karatasi au kitu unachotoa mahakamani kama ushahidi. Nachukulia kesi ya kiwanja, mkataba wa mauziano ulioandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, maana hizi ndo zinatulisha wengi wetu.

Hatua ya 1. Kaa na shahidi ofisini mapema, sio asubuhi ya kesi pale chini ya mwembe wa mahakama. Usimkaririshe, ni kosa, na hakimu atajua tu, mtu anajibu kama anasoma risala ya mwenge. Mwache aeleze mwenyewe toka mwanzo, wewe andika. Alafu mrudishe pale panapouma: hela ililipwa kwa awamu ngapi, nani walikuwepo, mbona mke wa muuzaji hajasaini. Hilo likushtue ofisini kwako, lisikushtue akiwa kizimbani.

Hatua ya 2. Cheki karatasi. Mkataba umelipiwa ushuru wa stempu? Kama bado, kalipie TRA, usisubiri pingamizi.

Hatua ya 3. Kupitisha kielelezo, na hapa tulieni. Shahidi aseme kwanza kwamba mkataba upo na ataujuaje, KABLA hajaushika. "Nitautambua kwa saini yangu na muhuri wa mtaa." Ndo unaomba aonyeshwe, akishautambua anaomba upokelewe, upande wa pili wanaulizwa kama wana pingamizi, mahakama inaupokea na kuupa alama, tuseme P1, na hapo ndipo unasomwa kwa sauti. Watu wanaanza kuusoma ungali mkononi mwa shahidi! Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hili kwenye kesi ya Robinson Mwanjisi, ipo kwenye TLR (vitabu vya hukumu za Tanzania) ya 2003 ukurasa wa 218. Na ukipokelewa usipousoma pia ni shida, vielelezo vingi vimeondolewa kwenye rufaa kwa uvivu huo.

Hatua ya 4. Ukiwa unamwongoza shahidi wako acha maswali yenye jibu ndani. "Ulimlipa milioni 4 si ndiyo?" Msomi mwenzako, wakili wa upande wa pili, anasimama hapo hapo kupinga. Uliza tu "ikawaje baada ya hapo".

Hatua ya 5. Dodoso, yaani maswali ya kumbana shahidi wa upande wa pili. Shahidi wao akisema jambo zito ukalipita bila kumuuliza, mahakama inaweza kuchukulia umelikubali, kwa hiyo liguse hata kwa swali moja. Ila jua na pa kuacha kuuliza ukae chini. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimbana mzee mmoja akakiri mwaka wa mauziano alikuwa anaishi Mwanza, kiwanja kipo Morogoro. Nilitakiwa nikae. Mdomo ukaniponza nikauliza "sasa mzee uliwaonaje wakipanda mipaka?" Akanijibu taratibu, "nilikuja msiba wa kaka yangu, wakili, nikakaa mpaka arobaini." Hata karani alicheka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani. Bibi yangu ndo mnunuzi, hajui kusoma, aliweka dole gumba. Atautambuaje huo mkataba?
Jibu: Kwa dole gumba lake, kwa jina alilosomewa siku ile na kwa watu waliokuwepo. Ila usimwache peke yake, mlete na aliyeuandika au aliyeshuhudia, yeye aeleze bibi alisomewa kabla ya kuweka dole. Swali la kwanza la dodoso litakuwa hilo hilo.

Swali: Meseji za WhatsApp zinapokelewa au tunadanganyana?
Jibu: Zinapokelewa, kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Vita ipo kwenye uhakika wake: zilitoka simu gani, nani katuma, zilitunzwaje, nani kachapisha. Mwenye simu aje kizimbani aeleze hayo, na andaa kiapo cha maandishi kabisa. Kupiga skrinishoti ukaibandika kwenye madai ukadhani umemaliza, utalia.

Swali: Wakili, shahidi wangu alinigeuka, anasema hajawahi kuniona. Nifanyeje?
Jibu: Pole ndugu yangu, yanatukuta wote. Usigombane naye. Omba mahakama iridhie umdodose kama shahidi aliyekugeuka. Kama ana maelezo aliyoandika huko nyuma, kwanza mwonyeshe sehemu zile zinazopingana na anachosema leo, mpe nafasi ajibu, ndo uombe maelezo yapokelewe. Ukiruka hiyo ya katikati wanakutoa. Na kama huna maandishi yake yoyote, mshukuru, kaa chini, ita anayefuata.